Msalaba Wenye Jina Langu

Devota mwanangu,

Mwili wangu bado haujanirudia. Nimekaa karakanani, mlango nimeurudishia, jua limezama sasa hivi, na kalamu inacheza mkononi utadhani nimeanza darasa la kwanza jana. Mimi Athanas, fundi niliyepigilia misumari majeneza ya ndugu zangu wa damu bila mkono kutikisika, leo umetikisika. Wewe uko chumbani kwako, umejifungia, na mizigo yako nimeiona imefungwa tayari kwa basi la asubuhi. Nimekuja mpaka mlangoni kwako, nikainua mkono nibishe hodi, nikaushusha. Mdomo wangu umeshaharibu vya kutosha kwa siku moja, kwa hiyo acha na kalamu ijaribu; barua hii nitaipenyeza chini ya mlango wako.

Habari za kula vizuri, kuvaa sweta asubuhi na kutojibizana na mwenye karakana mpya huko Dodoma sitakuandikia. Shangazi yako Leokadia atakuimbia hizo kesho mpaka konda afunge mlango. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua. Yale maneno niliyokutamkia leo siwezi kukuacha upande nayo basi. Nikikuacha, nitakuwa nimekufungia mzigo mwingine mzito kuliko yote uliyoifunga mwenyewe.

Wewe uliyaona yaliyotokea kwa upande wako. Ngoja nikuambie nilivyoyaona mimi.

Ulipotoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, nilikuwa nakufungia sanduku la vifaa. Nilitaka iwe siri. Nilikuwa nimeamua kwamba ile mashine yetu ndogo ya kushika mkononi ya kuchimbia na kuchongea mbao, Nyuki, uende nayo. Najua ulikuwa unaitazama kwa jicho la kuiaga tangu wiki iliyopita, unaifuta vumbi hata isipokuwa na vumbi. Mzee Masanja, yule mfugaji wa Michenga, alikuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri nimalizie mlango wake wa mtiki, ule uliouchimbia juzi vikao vya bawaba, vile vishimo zinamokalia. Alikuwa ananipigia hadithi za ng'ombe wake, na mimi naitikia huku nacheka peke yangu, maana nilikuwa nawaza utakavyoruka ukifungua sanduku na kukuta Nyuki imelala humo.

Sasa nikawa natafuta kile kikopo cha vijino, vile vyuma vyake vya kukatia, kwa sababu mashine bila vijino vyake ni kelele tu. Sikukiona kwenye rafu. Nikafikiri umekiweka nyuma ya zile mbao za mtiki zilizoegemezwa ukutani, nikazisogeza, nikakuta shuka kuukuu limefunika kitu. Nilipokishika tu nikajua ni msalaba, hata kabla sijafunua. Nikasema moyoni, mtoto huyu amechukua kazi ya watu akasahau kuikabidhi, na huko watu wanazika bila msalaba! Nikafunua haraka nisome jina la marehemu.

Marehemu alikuwa mimi. Jina langu la ubatizo, jina la babu yako, jina la ukoo wetu, yote yamechongwa kwenye mtiki na kupigwa msasa. Chini yake neno KUZALIWA na mwaka wangu. Chini yake tena neno KUFARIKI, na mbele ya neno hilo mbao tupu, laini, haina alama. Nilisoma nikarudia kusoma, nikidhani macho yamechoka. Unajua kwetu mtu hapimiwi jeneza akiwa hai. Babu yako akimwona mtu anamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kama anayemkadiria urefu, alikuwa anainuka anaondoka bila kuaga. Mimi mwenyewe, kwa misalaba yote niliyochonga, sijawahi kuandika jina hata kwa penseli kabla mgonjwa hajakata roho, hata ndugu zake wakija kuninong'oneza kwamba hapo hakuna tena mtu.

Nikakaa juu ya maranda. Nikashika kifua kusikiliza kama moyo unapiga, na usicheke, Devota, nilisikiliza kweli. Nikawaza pengine zahanati walikuambia kitu kuhusu ile presha yangu wakanificha. Nikawaza pengine umeota ndoto. Nikawaza na mengine ambayo hayafai kuandikwa kwenye barua ya mzazi.

"Fundi, vipi? Umeona nyoka?" Masanja akaniuliza.

Na ndipo wewe ukaingia, umeshika mfuko wa vitumbua waliokupa wanakwaya, unatabasamu, na tabasamu likafia usoni ulipoona nilichopakata.

"Baba, nilitaka nikuambie jioni," ulisema.

"Uniambie nini? Kwamba mmeshanizika?"

"Hapana, baba. Nisikilize kidogo."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimechonga mwenyewe."

Ungesema kuna aliyekutuma, ningepata mtu wa kumchukia. Ulisema umechonga mwenyewe, kwa sauti ndogo lakini bila kuinamisha macho, na mimi nikaona kama sakafu imeondoka. Ndipo nikasema: "Basi nenda. Na siku nikifa, usije kunizika."

Nimeyaandika kama yalivyo ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba nilisema mengine. Wewe uliuweka mfuko wa vitumbua juu ya benchi, taratibu, ukageuka ukatoka. Masanja aliinuka kwenye kigoda akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Aa, fundi! Mtoto anasafiri kesho, wewe unamsindikiza kwa maneno hayo? Sisi hata ng'ombe hatumtoi zizini namna hiyo."

"Mzee Masanja, mambo ya nyumbani kwangu niachie."

"Nakuachia. Na mlango wangu uache kwanza vilevile. Fundi anayetetemeka hivyo ataniwekea bawaba kichwa chini miguu juu."

Akapanda pikipiki yake akaenda. Nikabaki na msalaba wangu mapajani, na vitumbua vya watu juu ya benchi, na ile baridi inayokuja mtu akishatamka neno lisilorudi. Unajua neno la mzazi siku ya safari linavyosemwa. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mtu hatoki nyumbani bila radhi.

Katika kukaa pale nikakumbuka jambo ambalo hulijui, kwa sababu ulikuwa bado shuleni bweni. Nyuki ilikuwa mpya mkononi mwangu. Yule mjenzi aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni ng'ambo ya mto alikuwa ameniachia alipohama, na mimi nikajiona bingwa. Nilikuwa nauchimbia mlango wa mteja wa Malinyi kikao cha kitasa, umeme ukakatika katikati ya kazi. Nyuki ikanyamaza. Nikailaza juu ya mlango, nikatoka nje kuungana na majirani kulalamika. Swichi sikuizima. Niliona imenyamaza, nikaona basi imezimika.

Umeme ukarudi. Nilisikia mlio ndani, nikakimbia, nikaikuta Nyuki imeamka peke yake, inatembea juu ya mlango wa watu, inachimba mfereji uliopinda kama njia ya mbuzi, kisha ikajitupa chini ikaendelea kutafuna sakafu. Mteja alipokuja aliuangalia ule mfereji muda mrefu. Nikajiandaa kutukanwa. Akasema, "Fundi, ua lako ni la kisasa kweli. Mbona umeweka upande mmoja tu?" Unafikiri nilimwambia ukweli? Nilimchongea na upande wa pili, ufanane. Mlango ule mpaka leo uko Malinyi, na naambiwa watu wanausifu.

Hadithi hiyo nimewasimulia watu wengi nikicheka. Leo haikunichekesha. Tangu mama yako afariki nilidhani nimenyamaza, basi nimepoa. Kumbe swichi nilikuwa sijaizima, na ulipopita wewe na kitu chenye neno KUFARIKI, mashine ikaamka ikachimba ilipopakuta. Ilikukuta wewe.

Haikupita saa, shangazi yako akafika. Ulikuwa umekwenda kwake, nilijua. Alikuja na ungo mkononi, amesahau kuuweka chini, mchele wake ameuacha juani unalindwa na kuku.

"Athanas," alisema, bila hodi, "hivi akili zako umezipiga randa?"

"Dada, umeona alichonifanyia?"

"Nimeambiwa. Wewe umemuuliza kwa nini?"

"Kuna kwa nini gani ya mtu kumchongea baba yake mzima msalaba?"

Akakaa. Alipokaa nikaona kwamba amelia, na unamjua dada yangu, yeye machozi ni ya vitunguu tu.

"Mama yake alipofariki, huyu mtoto alipofika Michenga alikuta nini?"

"Alikuta tumeshazika."

"Ameniambia, 'Shangazi, safari ile nilikuta udongo tu. Sasa nakwenda mbali zaidi. Mvua haimuulizi mtu kama baba yake amefariki. Siku hiyo nisipowahi, angalau mkono wangu uwepo pale.' Ndiyo kwa nini yenyewe hiyo. Haya, mfokee tena."

Devota, mshtuko wa kwanza ulinikalisha chini. Huu wa pili ulinisimamisha, nikazunguka karakana nzima nikigusa vitu, sijui natafuta nini. Angalau mkono wangu uwepo pale. Nilikuwa nimeushika mkono wako mapajani, nikaona ni jembe la kunichimbia.

Sasa acha niseme lile ambalo hatujawahi kulisema, wewe na mimi. Masika yale ulikuwa shuleni kule juu ya Mlimba, upande wa Masagati, na simu zilikuwa hazishiki. Ujumbe ulipokufikia, barabara ilikuwa imeshakatika, na gari ulilopata likazama kwenye tope. Huku Michenga wazee wa ukoo walikaa wakaniambia joto hili haliruhusu kungoja. Walinitazama mimi. Ningeweza kusema tungoje mpaka kesho yake, tungepata barafu Ifakara, watu wamekwishafanya hivyo. Nikasema tuzike. Nilitaka yaishe. Nilikuwa naona kila saa inayopita inanichuna ngozi, na nikadhani jambo likishafunikwa udongo litaacha kuuma.

Asubuhi ile nilichonga jina la mama yako kwa Nyuki. Fundi wa misalaba, mke wake amelala ndani, watu wanasubiri. Nilikandamiza ile mashine kama ninayechimba kisima. Kijino kilikuwa butu, sikubadilisha. Moshi ulikuwa unatoka kwenye mbao, sikusimama. Herufi zikaungua kingo zikawa nyeusi, na mguu mmoja wa herufi ukabanduka, nikaujaza gundi na vumbi la mbao. Watu walisema ni kazi nzuri, na msibani nani atakuambia vingine?

Ulifika siku iliyofuata, tope mpaka magotini, sare ya shule imekukauka mwilini. Hukuutazama udongo. Ulikwenda kwenye msalaba ukapitisha vidole juu ya jina la mama yako, herufi moja baada ya nyingine, vidole vikatoka na weusi. Nikasema, "Nimeuchonga mwenyewe." Ukasema, "Asante, baba." Basi. Hukulia mbele yangu, na jioni nikamwambia Leokadia kwamba mtoto huyu ana roho ngumu. Roho ngumu! Nimeishi na neno hilo miaka yote hii, nikijisifia kwamba nina mtoto shupavu, na wewe ulikuwa umebeba ule udongo peke yako chumba cha pili.

Sijui ni mara ngapi nilikuona umeinama kwenye kona ya karakana na vipande vya mabaki. Nilidhani unajifunza herufi kwa ajili ya wateja. Leo dada alipoondoka, nilikwenda kwenye lile debe la kuni za chai. Vilivyobaki ni vichache, lakini nimevikuta. Kipande kina A na T. Kingine kina S tupu, S nyingi, nyingine zimeanguka upande, nyingine zimenyooka. Mama wee! Kumbe msimu mzima nimekuwa nachemshia chai jina langu.

Nikaubeba msalaba nikatoka nao nje, kwenye mwanga. Majirani waliopita waliniona nimesimama uani natazama msalaba wangu mwenyewe, na Mungu ndiye anajua wanasema nini sasa. Niliuangalia kwa jicho la kazi, kwa sababu jicho la baba lilikuwa limejaa maji. Umechora mstari wa kila herufi kwa ncha ya kisu kwanza, ndiyo maana kingo hazikuchanika. Umepita juujuu, ukarudi, ukapita tena, hukuzamisha kijino kwa pupa. Pembe ambazo kijino cha duara hakiwezi kufika umezimalizia kwa patasi. Nilitafuta mahali palipoungua. Nilitafuta kwa makusudi, hata nikapeleka pua nikanusa. Hapana. Kwenye ile S ya mwisho, mahali nyuzi za mtiki zinapogeuka na mashine inapopenda kuukimbia mkono, umeipeleka kinyume cha inavyozunguka, ikatulia.

Mimi sikukufundisha hivyo. Mimi nilikufundisha kukandamiza. Nimekaa na Nyuki miaka yote hii nikiwa najua tu kwamba inanguruma, wewe umekaa nayo ukajua inataka nini. Nilishtuka tena hapo, na safari hii mshtuko ulikuwa na utamu wake, wa mtu kugundua nyumbani kwake kuna fundi mkubwa kuliko yeye na amekuwa akimtuma maji.

Basi kama unataka shauri kwangu, chukua hili, na ulitazame kama unavyotazama ubao kabla ya kuupiga randa, uone kama lina fundo. Kila kitu nilichowahi kukiunguza, nilikiunguza kwa sababu nilitaka kimalizike. Herufi za mama yako, mazishi yake, na leo wewe. Huko unakokwenda kuna mashine kubwa na mafundi wenye haraka, na zile kazi ndogondogo za bawaba na maua watakusukumia wewe kwa sababu wao wanaziona za kupoteza muda. Zichukue. Wakikuambia umechelewa, iache mashine ishike mwendo wake kwanza ndipo uguse mbao. Nilikuwa na muda wa kukuuliza swali moja leo asubuhi, na sikuuliza. Ningeuliza, tungekuwa sasa hivi tunakula vitumbua.

Kuhusu hayo maneno. Babu yako, alipomtamkia mtu neno baya kwa hasira, alikuwa anachukua maji mdomoni, anasimama mbele ya mtu yuleyule, anayatema chini na kusema, "Nimeyatoa." Nilimwona akimfanyia hivyo baba yako mdogo kabla hajahamia Mlimba, na nilidhani ni mambo ya kizamani. Leo nimemuuliza dada kama inatosha nikifanya chumbani, sisi wawili. Akasema, "Ulisema mbele ya watu. Utayatema mbele ya watu." Hana huruma hata kidogo, na ana haki.

Kwa hiyo nimempigia simu Mzee Masanja. Aliposikia sauti yangu, kitu cha kwanza aliuliza kama mlango wake uko salama. Nimemwambia uko salama, ila nina shida naye alfajiri kabla basi halijaondoka. Nilipomweleza, akasema atakuja, na atakuletea maziwa ya njiani. Ukitoka asubuhi ukanikuta nimesimama uani na kikombe cha maji, shangazi yako kushoto, Masanja kulia na chupa ya maziwa, usishtuke. Wa kushtuka nimetosha mimi. Simama tu mbele yangu, nikutazame usoni, nifanye ninachopaswa kufanya. Kisha nitakuwekea mkono kichwani, na utaondoka na radhi yangu yote, haina ufa.

Nyuki iko kwenye sanduku lako, na kikopo cha vijino nimekipata, kilikuwa mfukoni mwa koti langu la kazi, mahali nilipokiweka mwenyewe. Usinirudishie. Mimi nina patasi zangu, na mkono ukitulia nitazirudia kama zamani.

Sasa msalaba. Dada alitaka tuuchome, tuondoe uchuro. Nimekataa. Nimeufunga vizuri kwenye shuka lake nikaulaza juu ya kenchi za paa, mchwa wasiufikie. Nimeupokea, mwanangu. Ni zawadi nzito na karibu initoe roho, lakini nimeipokea kwa mikono miwili.

Nimemwagiza Leokadia, na kesho nitamwagiza Masanja mbele yako asikie. Siku yangu ikifika, nawe upo, utanizika wewe, mbele ya wote. Kama mvua imekata njia na hukufika, wasikungoje, joto letu unalijua. Wanilaze Michenga karibu na mama yako na wausimike msalaba kama ulivyo. Lakini ile nafasi baada ya neno KUFARIKI mtu asiiguse, si kwa patasi, si kwa rangi, si kwa ncha ya msumari. Nitalala pale bila tarehe, hata msimu mzima ikibidi, na wapita njia waseme wanavyotaka. Siku utakayofika, hata kama tope ni mpaka kiunoni, utakaa chini pale bila haraka na kuichonga wewe. Mpaka umalize, mimi nitakuwa sijazikwa.

Baba yako, ambaye yu hai,
Athanas